Barua Iliyovishwa Kitambaa

Kwa siku ya tano ya kazi Bi Gundi alikuwa akigombana na marehemu, na marehemu walikuwa wanamshinda.

Marehemu wenyewe walikuwa wamejaa kwenye masanduku kumi na manne ya kadibodi, juu ya meza ndefu ya karakana ya ukarabati, chini kabisa ya jumba la nyaraka. Kila sanduku lilikuwa na kibandiko kilekile: Wafanyabiashara wa Kwanza na Maofisa wa Bandari. Ukisoma kibandiko hicho utadhani humo ndani kuna watu wazito walioandikiana mambo mazito. Kumbe wapi! Kulikuwa na muuza mishumaa aliyejaza kurasa sita akilalamikia panya wa ghala la jirani. Kulikuwa na wakala wa kamba za meli aliyenuniana na ofisa wa bandari miaka miwili kwa ajili ya punda aliyetumbukia kisimani, kila mmoja akidai punda ni wa mwenzake. Kulikuwa na daktari wa bandari aliyeomba kiti, akaomba tena, akaomba mara ya saba kiti kilekile, na kwa jinsi barua zake zilivyokatika ghafla huenda alikufa amesimama. Bi Gundi aliwajua wote kwa mwandiko, kama mtu anavyowajua majirani kwa kikohozi, na wiki hii alikuwa amewachoka wote.

Kazi yake ilikuwa kukarabati karatasi. Ikija barua iliyoliwa na mchwa au iliyokatika kwenye mikunjo, yeye huisafisha, huziba matundu, na huibandikia mgongoni karatasi nyembamba ya kuishikilia isife. Jina la Bi Gundi alibandikwa na wenzake, akalichukia mwezi mmoja, kisha akaanza kuitika. Miaka ishirini na sita sasa. Kabla yake, kwenye meza hiyohiyo, alikaa baba yake mzazi, naye ndiye aliyemfundisha kupika gundi ya unga wa ngano isiyo na mabonge, na kushika kisu cha mfupa kwa vidole vitatu tu. Alimfundisha na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha: kila ukikarabati karatasi, andika herufi zako na tarehe kwa penseli, ndogo, pembe ya chini kushoto. Mtu akiona kosa lako baada ya miaka mia, baba alikuwa akisema, ajue wa kumlaani.

Simu ilitetemeka juu ya meza. Bi Gundi hakuhitaji kuangalia ni nani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeipata?"

"Bado, shangazi."

"Leo Jumanne, mwanangu."

"Najua ni Jumanne, shangazi."

"Kamati ni keshokutwa saa tatu asubuhi. Nakukumbusha tu, usije ukasema sikukukumbusha."

Alikuwa amemkumbusha mara nne tangu asubuhi. Shangazi, dada mdogo wa marehemu baba, alikuwa na miaka sabini na tisa na nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu jasho. Ilisimama nyuma ya jengo la zamani la forodha, ya mwisho katika safu ya nyumba sita. Tano zilikuwa zimeshalazwa chini na tingatinga, kwa kuwa bandari ilitaka uwanja wa kuegeshea malori. Wenzake walikubali kuhamishiwa mbali, shangazi akakataa katakata. Nyumba ile ilijengwa na babu mzaa babu yake, kiongozi wa wapagazi waliokuwa wakishusha mizigo enzi bandari ni changa, naye alisema hatoki mpaka atolewe amelala.

Sasa Kamati ya Ardhi ilikuwa imeweka utaratibu wake, na utaratibu wenyewe haukuwa mgumu kuelewa. Ikiwa karatasi ya kwanza ya kiwanja ipo, kilichoandikwa ndicho kitakachofuatwa. Ikiwa haipo, na jumba la nyaraka limethibitisha kwa barua kwamba imetafutwa haikupatikana, basi watasikilizwa mashahidi na itahesabiwa miaka ya kukaa.

"Na ipo," shangazi alisema, kama alivyosema kila siku. "Baba yako aliniambia kwa mdomo wake. Alisema, mdogo wangu, karatasi yetu ipo, nimeiweka vizuri mwenyewe, wewe kaa kwa amani. Kaka yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema ipo, ipo."

"Aliiweka wapi sasa? Angesema na hilo!"

"Mimi ndiye mtu wa makaratasi au wewe?" Shangazi akakata simu.

Nusu ya kazi ilikuwa imefanyika mapema, na ndiyo maana ile nusu nyingine iliuma zaidi. Siku ya kwanza kabisa Bi Gundi alikuwa ameiona barua ya kiongozi wa wapagazi, namba mia mbili kumi na mbili, akiomba kwa heshima zote apewe kiwanja nyuma ya forodha ajenge. Kwenye daftari la barua zilizoingia, karani wa enzi hizo alikuwa ameandika mbele ya namba hiyo neno moja tu: amejibiwa. Amejibiwa nini? Amejibiwa wapi? Vitabu vya barua zilizotoka vilikuwa kumi na kimoja. Bi Gundi alikuwa amevisoma ukurasa kwa ukurasa, macho yakawasha, shingo ikakakamaa, na jibu halikuwemo. Alitamani kumfufua yule karani kwa dakika moja tu, amtie adabu, kisha amrudishe alikotoka.

Mchana wa Jumanne hiyo Mkurugenzi aliteremka karakana, jambo alilofanya mara mbili kwa mwaka. Alikuwa mtu wa tabasamu pana na sahihi adimu.

"Bi Gundi, mbona unajitesa?" alisema, akipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa. "Andika haikupatikana. Fomu zipo. Lete nitie sahihi sasa hivi, mama wa watu aende kwenye kamati yake."

Fomu zilikuwepo kweli, daftari zima limechapwa tayari, na wenzake wa ghorofa ya juu walizitumia kama karatasi za kufutia jasho. Msomaji akiagiza jalada lililo rafu ya juu kabisa na ngazi iko mbali, anaandikiwa haikupatikana. Daftari la Bi Gundi lilikaa kwenye droo miaka yote hiyo, halijachanwa hata karatasi moja.

"Mkurugenzi, mimi siandiki hivyo kwa kitu ambacho kipo."

"Unajuaje kipo?"

"Daftari limesema amejibiwa. Na baba alisema kipo."

"Marehemu mzee wetu." Mkurugenzi aliinua mikono juu, kama mtu aliyeonyeshwa bastola. "Haya. Endelea. Ila nakwambia ukweli, dada yangu, wewe ugonjwa wako ni kichwa ngumu."

Alipoondoka, Bi Gundi alivuta sanduku la muuza mishumaa kwa hasira, si kwa kutafuta chochote, bali kwa kutaka kumsoma mtu aliyekasirika kuliko yeye. Akafungua katikati. Barua ilikuwa ya mwaka uleule wa kiongozi wa wapagazi, na mzee wa mishumaa alikuwa amewaka kwelikweli. Alilalamika kwamba ofisa wa bandari hajui ustaarabu. Alimwandikia barua safi, akaitwa forodhani kama mtoto wa shule ili asomewe jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limechorwa mgongoni mwa barua yake mwenyewe! Eti shehena ya karatasi haijafika, hivyo ofisa amenuia kujibu kila mtu mgongoni hadi meli nyingine ije. Na barua ofisa akabaki nayo palepale ofisini.

Bi Gundi alisoma mara mbili. Kisha akacheka peke yake, kwa sauti, cheko la mtu aliyetafuta miwani siku tano na kumbe ameivaa.

Mgongoni! Vitabu kumi na kimoja amevikodolea macho, na jibu limekaa nyuma ya ombi lenyewe.

Akaitoa namba mia mbili kumi na mbili kwenye bahasha yake, akaigeuza, na cheko likamkauka. Mgongo haukuonekana. Barua ilikuwa imebandikwa kitambaa.

Alikuwa amekiona kitambaa kile siku ya kwanza na kukipita, kwa sababu alikuwa anatafuta jibu, si kukagua ukarabati. Sasa alikitazama kama fundi. Kazi ilikuwa ya baba, hapakuwa na shaka. Kingo zilikuwa zimekatwa kwa mstari ule usiotetereka, hewa haikuingia hata sehemu moja. Lakini kitambaa? Kitambaa kizito namna ile baba alikitumia kwa ramani tu. Barua zote nyingine alizibandikia karatasi nyembamba, unaiweka kwenye mwanga unasoma hadi upande wa pili. Kwa kile kitambaa, aliinua barua mbele ya taa akaona weusi mtupu. Na pembe ya chini kushoto hapakuwa na herufi wala tarehe.

Hilo lilimkera kuliko yote. Mzee aliyemchapa vidole kwa rula kwa kusahau tarehe, leo kazi yake mwenyewe haina jina! Alikuwa amechoka, Bi Gundi alijiambia. Au waliagizwa kubandika kila mgongo bila kuuliza, na yeye akabandika. Watu wa kazi hii wana kosa lao moja: karatasi ikishapigwa mhuri wa namba upande mmoja, huo ndio unakuwa uso, na upande wa pili hakuna anayeuhesabu tena. Baba yake, fundi wa mafundi, alikuwa amefunika jibu la nyumba ya dada yake mwenyewe kwa gundi nzuri kuliko zote.

"Jamani, baba," alisema kwa sauti.

Kubandua kazi ya zamani kulihitaji fomu, na fomu ilihitaji sahihi ya Mkurugenzi. Bi Gundi aliijaza palepale, akapanda ngazi mbili mbili. Mkurugenzi alikuwa ameshatoka, ameenda kwenye semina ya utunzaji bora wa muda. Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwake; katibu muhtasi akasema bosi yuko njiani. Saa nne yuko kwenye kikao. Saa tano kikao kimeisha lakini ana wageni. Saa sita wageni wametoka na yeye ametoka nao. Fomu ilikaa kwenye trei ya kijani, kisha ikahamishiwa kwenye trei nyekundu, na Bi Gundi alipouliza tofauti ya trei hizo katibu muhtasi alimwambia kwa upole kwamba nyekundu ni ya mambo ya haraka, kwa hiyo husubiri bosi apate utulivu.

Shangazi alipiga saa tatu, saa nne, saa tano na nusu.

"Nimejua ilipo, shangazi. Nasubiri sahihi tu."

"Sahihi ya nani tena? Kaka yangu hakuwa akisubiri sahihi."

Saa saba mchana Bi Gundi alifunga mlango wa karakana kwa ufunguo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana kweupe, akakunja mikono ya koti. Miaka ishirini na sita amefuata kila fomu. Leo mtu anisamehe, alisema moyoni, na kama hasamehi basi. Akafungua bomba. Bomba lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Maji yamekatika! Alisimama mbele ya sinki akitamani kulia, kisha akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akayamimina kwenye bakuli yote.

Kwanza alijaribu wino kwa tone moja kwenye pembe. Wino ule wa kale haukutoka. Akailaza barua kifudifudi, kitambaa juu, akakifunika kwa pamba yenye unyevu, akasubiri. Gundi ya ngano ina uungwana wake. Ukiipa maji na muda inalegea bila ugomvi. Hii ilikataa. Dakika arobaini, ikakataa. Baba alikuwa ameipika nzito, akaipaka mara mbili. Bi Gundi akaongeza unyevu, akaingiza kisu cha mfupa kwenye pembe, akasukuma unywele kwa unywele, pumzi ameishika. Saa nane na nusu pembe ya kwanza iliinuka. Aliivuta taratibu, akiilaza nyuma, na mistari ikaanza kuchungulia kutoka chini, weusi wake mbichi kana kwamba ofisa wa bandari ameinuka kitini sasa hivi. Uso mzima ukamchangamka. Mwandiko wenyewe ulikuwa ule wa kuinama kushoto, ule wa ofisa wa punda. Akasoma.

Ombi halikubaliwi. Kiwanja cha nyuma ya forodha ni cha bandari na kitabaki cha bandari. Mwombaji asijenge. Akijenga, yeye au uzao wake, nyumba itavunjwa siku yoyote bandari itakapohitaji, bila kupewa kitu. Amesomewa leo mbele yangu, ameelewa, amekwenda zake.

Alisoma tena, polepole, akitafuta mahali alipokosea. Mwandiko ulikuwa safi kuliko wote aliousoma wiki nzima. Kwa mara ya kwanza katika masanduku kumi na manne, mtu alikuwa ameandika jambo kwa ufupi na likaeleweka.

Kwa hiyo mzee wa wapagazi aliambiwa hapana, akaitikia, akaenda kujenga.

Bi Gundi alimalizia kubandua kwa sababu mikono ilijua kumaliza. Kitambaa kilipotoka chote alikigeuza akilaze pembeni kikauke, na hapo ndipo alipoona penseli. Upande wa ndani, ule uliokuwa umegandamana na barua, pembe ya chini kushoto, zilikuwepo herufi mbili za baba yake, ndogo, na tarehe.

Aliijua tarehe ile. Alikuwa na miaka mitano. Ilikuwa wiki ya pili tangu shangazi arudi kutoka kwa mumewe, ameachika, na watoto wanne, godoro kichwani. Walilala sebuleni kwao wote watano, na usiku baba alikuwa akiwaruka ruka ili afike mlangoni. Kisha siku moja baba alitoka kazini akiwa na furaha isiyo ya kawaida yake, akasema, mdogo wangu, ile nyumba ya babu iko wazi, nenda kaishi, karatasi ipo, nimeiweka vizuri mwenyewe.

Hakuwa amechoka. Hakuwa ameagizwa. Mzee alisoma mgongo ule vizuri kuliko mtu yeyote, akatafuta kitambaa kizito kuliko vyote, akapaka gundi mara mbili.

Kilichompanda Bi Gundi kwanza hakikuwa huruma. Zilikuwa hasira. Miaka yote ile wamekaa meza moja, wanagawana mkate mmoja, na hakumwambia! Angesema neno moja tu: hiyo usiiguse. Badala yake alimpiga rula kwa ajili ya tarehe, akamlea awe mtu asiyeandika haikupatikana, kisha akafa, akamwachia huu mtego mezani. Na yeye, kichwa ngumu, ameung'ang'ania siku sita kwa kiburi cha kazi, wakati ile fomu ya kumwokoa shangazi ilikuwa ndani ya droo, na bosi mvivu kuliko wote anambembeleza aitumie.

Mlango ukagongwa.

"Bi Gundi! Mbona umejifungia?"

Alitupa karatasi ya kufyonzea maji juu ya barua na kitambaa, akaenda kufungua. Mkurugenzi aliingia akipepea fomu, uso unang'aa.

"Usiseme sikujali. Nimetoka kwenye kikao katikati. Sahihi hiyo hapo, na mhuri. Bandua, tuone ofisa alisema nini. Kwa kweli hata mimi umeniambukiza, nataka kujua."

Tangu jana sahihi ile ilitafutwa kwa tochi, na ilikuwa imekuja sasa. Bi Gundi aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Mkurugenzi," alisema, "nimeshaichunguza kwa taa. Mgongoni hakuna kitu. Nilikosea."

"Hakuna?"

"Hakuna. Ile fomu nyingine, ya haikupatikana. Kama bado uko tayari." Akafungua droo, akachana fomu moja, akampa.

Mkurugenzi aliipokea. Jicho lake lilishuka hadi kwenye meza, kwenye bakuli la maji, kwenye karatasi ya kufyonzea iliyokuwa ikilowa polepole katikati. Kisha tabasamu lile pana likarudi.

"Nilikwambia tangu Jumanne! Ungenisikiliza ungekuwa umepumzika saa hizi." Akachomoa kalamu, akailaza fomu kwenye paja lake, akatia sahihi kwa mbwembwe. "Ombi limeonekana, jibu limetafutwa halikupatikana. Umeona? Dakika moja. Sasa ndiyo unaanza kuwa mtumishi wa umma, Bi Gundi."

"Ahsante, Mkurugenzi."

Akaenda zake akipiga mluzi kwenye ngazi. Bi Gundi alisimama na karatasi ya kwanza aliyowahi kuchana kutoka daftari lile. Mtu akikutukana kwa kukusifu, unashika wapi?

Saa tisa na nusu maji yalirudi. Alipika gundi nzito, bila bonge. Aliipaka mara moja, akaacha ishike, akaipaka tena. Akachukua kitambaa cha baba yake. Kabla hajakilaza, alichonga penseli. Chini ya herufi mbili za mzee, upande uleule wa ndani, aliandika zake mbili, ndogo, na tarehe ya leo. Kisha akakifunika mahali pake, akapitisha kisu cha mfupa kutoka katikati kwenda kingoni, akaweka uzito juu. Hewa iliingia sehemu moja karibu na pembe, kiputo kidogo kama punje ya ulezi. Baba asingekiacha. Yeye alikiacha.

Alhamisi kamati ilikaa. Barua ya haikupatikana ilisomwa, ikawekwa kando. Walikuja mashahidi watatu: mpishi mstaafu wa kantini ya bandari, dereva wa kreni, na mwanamke aliyesoma darasa moja na binti wa kwanza wa shangazi. Wakahesabu miaka ya kukaa, ya shangazi na ya waliomtangulia, hadi mwenyekiti akachoka kuhesabu. Saa sita kasoro alitamka kwamba mama huyu asiguswe, na uwanja wa malori ukate kona. Bi Gundi, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, alishusha pumzi hadi mtu wa mbele akageuka.

Jioni ukoo ulijaa nyumbani kwa shangazi. Viti havikutosha, watoto walikaa dirishani, chai ilipikwa sufuria mbili. Shangazi alikaa katikati na kilemba chake kipya, akipokea hongera kama bibi arusi. Bi Gundi alipoinama kumpa mkono, bibi yule hakuuachia.

"Nimefurahi," shangazi alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Sisemi sijafurahi. Lakini, mwanangu, kuna kitu kinanikaa hapa." Akagusa koo. "Tumeshinda kwa kuonewa huruma. Ile karatasi ingeonekana, tungeshinda kwa haki yetu."

"Tulitafuta sana, shangazi."

"Mmetafuta, ndiyo. Sikulaumu, kila mtu na kipaji chake. Lakini kaka yangu..." Aligeukia wageni, akatikisa kichwa kwa fahari iliyochanganyika na machungu. "Kaka yangu angeipata. Yule alikuwa fundi. Kitu akikiweka, anajua alipokiweka."

Watu wakaitikia, kweli, kweli, mzee alikuwa fundi. Mtu alimwekea Bi Gundi kikombe mkononi. Chai ilikuwa ya moto mno, naye aliimeza hivyohivyo.

"Ni kweli, shangazi," alisema. "Baba angeipata siku ya kwanza."